Mlango Nilioukubali Kuwa Ukuta

Nianze na gharama, ili msomaji ajue mapema anachonunua. Shauri hili lote liligharimu milango arobaini na mitatu, ndama watatu, na mwanamke mmoja aliyeitwa Nyemo. Nimehesabu mara mbili. Nilipohesabu mara ya pili nilitumaini kwamba mara ya kwanza nilikosea. Sikuwa nimekosea.

Naandika kwa ajili yenu vijana mnaotoka shule ya serikali na kupewa uakida mkiwa bado na wino vidoleni. Mmeambiwa kwamba akida wa zamani alikuwa mtu wa kanzu, bakora na kelele. Si uongo. Kanzu ilikuwapo, bakora ilikuwapo, na kelele zilikuja zenyewe. Ila hakuna aliyewaambia kazi yenyewe ilifanywaje, na mimi nimekwisha kuiacha, kwa hiyo sina wa kumwogopa isipokuwa wale ninaowataja humu. Nilivyopandishwa na nilivyolipwa sitaandika. Aliyenipandisha anajua, na mshahara umekwisha.

Akida ni mtu aliyewekwa katikati. Juu yake liko boma la Wadachi, yaani Wajerumani, chini yake wako majumbe wa vijiji. Anasikiliza kesi ndogo za mbuzi na matusi, anatafuta watu wa kulima barabara, na mwaka ukizunguka anakusanya kodi ya nyumba. Wadachi waliniona mimi ni Mswahili wao. Wagogo waliniona mimi ni Mdachi wa kanzu. Nami nilizaliwa Pangani, nikakulia sokoni nikiuza chumvi, na nilichokijua kuliko vyote ni kupatana bei. Nilipoletwa Ugogo nilidhani nimeletwa kwa sababu hiyo.

Nilifika kwa miguu. Wakati huo reli ilikuwa bado ni maneno. Akida niliyempokea kazi aliitwa Mwinshehe, mzee mfupi, mpole wa sauti, aliyekuwa akingoja mtu wa kumkabidhi ili aende Kondoa kwa wakwe zake akapumzike. Alinikabidhi daftari, bendera iliyoliwa na mchwa upande mmoja, kibuyu cha chokaa, na askari mmoja jina lake Mabruki, ambaye naye alikuwa ameanza kuliwa upande mmoja na umri. Nikahesabu vitu hivyo mara mbili. Mwinshehe akanitazama.

"Umeogopa vimezaana?" akaniuliza.

Akakaa nami mwezi mmoja kunifundisha. Siku ya kwanza tulikwenda kwa mtu aliyeitwa Ndahani, mwenye wake na wana waliooa, wote wakikaa katika tembe moja. Mliozaliwa huku mtanicheka, lakini mtu wa pwani hajui tembe. Kwetu nyumba ni nyumba: ina paa la makuti, ina mgongo, imesimama peke yake na jirani yake amesimama peke yake. Tembe ni ukuta unaotoka hapa, unakata kona, unakata nyingine, unarudi ulipotoka, na katikati kuna zizi. Paa lake ni la udongo, bapa, unaweza kuanika mtama juu yake. Milango yote inatazama ndani, uani. Nilizunguka.

"Nyumba ngapi?" akauliza Mwinshehe.

"Moja," nikasema, "ila ndefu."

"Zunguka tena, kwa ndani."

Nikazunguka. "Tisa. Milango tisa."

"Kaa chini, tungoje chakula."

Tukakaa na Ndahani na wanawe mpaka jua likaelekea kushuka. Wanawake wakaanza kuleta ugali wa uwele na mlenda, kila mmoja na chano chake, wakiviweka mbele ya wanaume. Mwinshehe alikula kidogo kutoka kila chano, akimsifu mpishi wa kila kimoja, na katika kusifu alikuwa akihesabu. Vyano vilikuwa vinane.

"Andika nane," akaniambia tulipoondoka. "Mwanamke mwenye jiko lake ndiye nyumba. Mlango wa tisa ni wa mbuzi, na mbuzi hawajaanza kulipa kodi."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake: kula. Alikula Ugogo nzima, kutoka Kibakwe kwenye vilima hadi mbuga za Kongwa, jioni kwa jioni, na daftari lake lilikuwa sahihi kuliko la akida yeyote. Lakini ilimchukua miezi mitano kumaliza kuhesabu, na boma lilimnung'unikia kila mwaka kwamba kodi yake inakuja ya mwisho. Mimi nilimwona ni mzee mzuri anayependa mlenda. Alipokwenda zake Kondoa, niliona nitafute njia ya haraka.

Njia ya haraka ilikuwa mlango. Mlango hauhitaji kungojwa upike. Unapita uani, unanyoosha kidole, umemaliza, unakwenda tembe la pili kabla kahawa yako haijapoa. Nikatangaza kwa majumbe wote: tangu sasa kila mlango unaotazama uani ni nyumba moja. Mwaka ule nilimaliza kuhesabu kwa wiki saba. Boma lilinishukuru. Mabruki alinishukuru zaidi, maana miguu yake haikupenda safari.

Aliyekuja kubishana alikuwa Ndahani. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, anayetafuna maneno kabla ya kuyatoa, na sijapata kumwona mtu anayejua kupatana kama yeye, na mimi nimetoka Pangani. Hakuwahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote. Ukimwambia karibu, anauliza karibu wapi.

"Mbukwa, Akida," alinisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, Mzee."

"Nasikia mbuzi wangu wamepata nyumba."

"Wana mlango," nikasema. "Kila mlango ni nyumba. Ndivyo nilivyotangaza."

"Hata wasipopika?"

"Sijatangaza habari za kupika."

Akatafuna. "Basi, Akida, na nikiuziba?"

"Ukiuziba si mlango."

"Ni nini?"

"Ni ukuta. Ukuta haulipi."

Akacheka, nami nikacheka. Nilimwachia mlango wa mbuzi, na kwa kweli nilimwachia kwa furaha, kama unavyomwachia mtu senti aliyoipigania vizuri. Sikujua kwamba siku ile nilikuwa nimeuza duka zima.

Mwaka uliofuata nilipozunguka kwa Ndahani nilikuta milango minne. Minne, vijana. Mitano ilikuwa ukuta. Udongo ulikuwa mbichi kiasi kwamba alama za vidole vya wanawake walioukandika zilionekana. Ndani walikuwa wametoboa kuta zinazogawa vyumba, tundu la mtu kupita kwa kuinama, ili wake wawili watatu watumie mlango mmoja. Na kumbe haikuwa kwake tu. Habari ilikuwa imetembea. Nilipomaliza vijiji vyote nilikuwa nimekuta milango arobaini na mitatu iliyogeuka ukuta.

Akida mwingine angeghadhibika. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliona nimepata watu wa kupatana nao. Nilimwita Ndahani uani mbele ya watu wake wote.

"Mzee, huu udongo mbona unalia maji?"

"Ukuta ulipata ufa, Akida. Tumeukarabati."

"Ufa wenye umbo la mlango."

"Ufa haumuulizi mtu upate umbo gani."

Watu wakacheka. Nikampa bei yangu. Nikamwambia: nakubali huu ni ukuta, na hii mingine ni kuta. Utalipa milango minne. Lakini utalipa mwezi huu huu, bila mimi kumtuma Mabruki, bila mtu wako kukimbilia vilimani. Na kwa kuwa umeniambia ni kuta, zitabaki kuta. Nitaweka alama yangu ya chokaa juu ya kila moja. Ukuta wenye alama ukifunguliwa bila ruhusa yangu, umekiri kwamba ni mlango, na kodi yake ni mara mbili, ya mwaka huo na ya nyuma. Na aliyeufungua atakwenda kujieleza bomani.

Ndahani alitafuna kwa muda mrefu. "Kodi mara moja," akasema, "na bomani twende wote wawili."

"Mara mbili, na bomani utakwenda peke yako."

Tulivutana mpaka kivuli kikahama. Mwisho akakubali, kwa sharti kwamba nisihesabu tundu la kuku. Nikakubali. Niliona nimeshinda, naye, nadhani, aliona ameshinda. Mkiona wapatanaji wawili wote wametoka na furaha, tazameni ni nani ambaye hakuulizwa.

Ambaye hakuulizwa alikuwa amesimama na kinu chake mbele ya ukuta wa mwisho, penye kona. Huyo ndiye Nyemo, mke mdogo wa Ndahani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuvuka bonde, na mtoto wa kike mgongoni. Chumba chake kilikuwa cha pembeni kabisa. Mlango wake ulipozibwa, ili atoke ilibidi ainame apite kwa ndama, kisha ainame tena apite kwa mke mwenzake. Nilipokuja na kibuyu cha chokaa hakusogea.

"Akida," akasema, "wanakuita Mara-Mbili. Ni kweli unahesabu kila kitu mara mbili?"

"Ni kweli, mama."

"Umewahi kupita mlango huu hata mara moja?"

"Mimi napita milango," nikamjibu. "Huu ni ukuta."

Uani pote watu wakacheka, hata Ndahani. Nyemo hakucheka. Akaniambia kwamba moshi wa jiko lake sasa unakaa ndani naye kama mgeni asiyeaga, na kwamba paa lile lilikuwa likishikwa na ukuta walioutoboa, na masika yakija litakuwa zito. Akaomba huu mmoja tu uachwe. Ndahani akanitazama, nadhani kama ningesema neno angeufungua saa ile ile. Lakini tulikuwa tumekwisha kupatana, minne ni minne, na mimi nilikuwa na tembe jingine la kuwahi. Nikachovya kidole, nikaweka alama.

Jibu langu lile nililipenda. Nililisimulia vijiji vitatu, nikalisimulia bomani. Naliandika hapa ili lijulikane lilikotoka.

Wakati wa kiangazi mtu mmoja wa kijiji kingine alifungua ukuta wake wenye alama, kwa sababu alikuwa anamwoza binti yake na wageni walikuwa wengi. Nikampeleka bomani kama nilivyoahidi. Nilidhani watamtoza kodi. Walimpiga viboko hamsa ishirini, wakamtoza kodi, na ukuta ukazibwa tena. Alirudi akitembea kama aliyebeba maji yasimwagike. Sikuwa nimeomba apigwe, lakini sikurudi kusema hivyo, maana tangu siku ile hakuna aliyegusa alama zangu, na kazi yangu ikawa nyepesi. Mabruki peke yake ndiye aliyesema kitu. Alisema, "Bwana Akida, sasa chokaa yako ina nguvu kuliko bunduki yangu." Nilidhani ananisifu.

Kisha masika. Mwaka ule mvua ilikuja kwa hasira, siku nne haikukata. Paa za udongo zinapenda mvua ya kiasi. Ikizidi zinanywa, zinavimba, na boriti zinaanza kusema. Wiki ile walikuja kwangu watu watatu, mmoja mmoja, kila mmoja na kisa cha paa: paa linavuja, paa limeinama, paa litaanguka, naomba kufungua ukuta. Nikamtuma Mabruki akaangalie. Wawili walikuwa waongo. Walitaka kurudisha milango yao kwa kisingizio cha mvua. Wa tatu paa lake lilikuwa limeinama kweli, ila kidogo. Kwa hiyo nilikwisha kujua dawa ya visa vya paa.

Siku ya nne Bwana Mkubwa wa boma alikuwa kwangu, amekwama kwa sababu ya mvua, na tangu asubuhi tulikuwa barazani tukipitia daftari. Jambo hili si udhuru. Nalitaja kwa sababu ni kweli kwamba nilitaka anione ninavyofanya kazi. Ilikuwa karibu adhuhuri Ndahani alipotokea. Alikuwa na tope mpaka mapajani. Alikuwa amevuka korongo lililojaa, peke yake, na alisimama chini ya baraza mvua ikimpiga, hakupanda.

"Mbukwa, Akida."

"Mbukwa, Mzee. Umekuja na mvua."

"Paa limeanguka. Naomba nibomoe ukuta wa Nyemo."

Nikamtazama Bwana Mkubwa, kama kumwambia, sasa ona. Nikamuuliza Ndahani, "Ukuta, au mlango?"

Alitafuna mara moja tu. "Mlango."

"Kumbe siku zote ulikuwa mlango."

"Ulikuwa mlango, Akida."

"Na kodi yake?"

"Nitalipa."

"Ya mwaka huu na wa nyuma?"

"Nitalipa."

"Mara mbili, kama tulivyopatana?"

"Nitalipa. Nipe ruhusa."

Nilikuwa nimeshika kalamu tayari kuandika. Nilikuwa nimefungua kinywa kuongeza sharti lingine, sikumbuki lipi. Ndipo jambo lile likaniingia, taratibu, kama baridi inavyoingia kwa mtu aliyeloa bila kujua. Ndahani amekubali bei ya kwanza. Amekubali ya pili. Amekubali ya tatu.

"Yumo mtu?" nikauliza.

"Yumo."

Sikumbuki kushuka ngazi. Namkumbuka Mabruki akikimbia mbele yangu, yeye na miguu yake mibovu, na namkumbuka Ndahani korongoni akinishika mkono nisichukuliwe na maji. Alinishika mkono. Alikuwa na sababu ya kuniachilia, na angeweza kusema maji yalinichukua, na nani angebisha.

Tulipofika, wana wa Ndahani walikuwa wamesimama mbele ya ukuta, majembe mikononi. Wamesimama. Kwa ndani walikuwa wamejaribu, lakini tundu la kupitia lilikuwa limejaa udongo wa paa, na kila walipochimba ulishuka mwingine. Kwa nje kulikuwa na ukuta wa udongo na fito, na juu yake alama yangu, nusu imeoshwa na mvua. Walikuwa wakingoja. Mke mwenzake, ambaye alikuwa amembeba yule mtoto wa Nyemo, aliniambia bila kunitazama kwamba Nyemo alikuwa akigonga kwa ndani. Aligonga kwa muda. Akaacha kugonga muda mrefu kabla hatujaonekana ng'ambo ya korongo.

"Bomoeni," nikasema.

Mapigo saba ya jembe. Siwezi kuacha kuhesabu, ndivyo nilivyoumbwa. Hata pale nilihesabu. Ukuta wote ule, mpatano wote ule, ulikuwa na unene wa mapigo saba. Alikuwa hapo hapo nyuma yake, na ndama watatu.

Baadaye sana nilimuuliza Ndahani kwa nini hakuanza na hilo alipofika barazani, kwa nini hakusema mara moja kwamba kuna mtu ndani. Alinijibu bila ukali. "Nilikwambia paa limeanguka. Kwetu mtu akiambiwa paa limeanguka, anauliza nani yumo. Nilikuwa nakungoja uulize."

Nilirudi barazani jioni. Bwana Mkubwa alisikitika, kwa njia yao, akauliza nini kirekebishwe katika daftari. Nikafungua ukurasa wa Ndahani. Nyumba nne. Nikatafuta ya Nyemo niifute, nikakumbuka haikuandikwa. Nilikuwa nimeipatania ikawa ukuta. Hapakuwa na cha kufuta.

"Hakuna mabadiliko," nikamwambia, naye akafunga kitabu.

Mvua ilipokatika nilizunguka vijiji vyote na jembe langu mwenyewe. Niliifungua mingine yote, arobaini na miwili, pigo la kwanza kila mara nikilipiga mimi. Watu walinitazama wakidhani nimezidisha ujanja, nawafungulia milango ili niwatoze. Nikawaambia sihesabu milango tena. Nikaanza kula. Nilikula kama Mwinshehe, jioni kwa jioni, chano kwa chano, na kodi yangu ikachelewa kama yake. Ajabu ni kwamba nyumba daftarini ziliongezeka, maana majiko yalikuwa mengi kuliko milango iliyokuwa imebaki wazi, na barua ikaja kutoka bomani kunipongeza kwa juhudi. Ninayo bado. Sijui niiweke wapi.

Nilikwenda Kondoa kumweleza Mwinshehe. Nilitembea siku nyingi nikitunga maneno, na nilipofika nikayasema yote, ya masika, ya boma, ya yule mtu wa hamsa ishirini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Kabla ya siku ile, ulikula kwa Ndahani mara ngapi?"

"Mara moja," nikasema. "Siku ile nawe."

Akaniletea maji ya kunywa. Sikumwona tena, maana alifariki kabla ya masika mengine.

Nilimpelekea Ndahani ng'ombe. Nilikuwa nimewauliza wazee desturi yao, nikaambiwa mtu akisababisha kifo hulipa, na kiasi chake ni cha kuzungumza. Niliswaga sita mpaka uani kwake. Nikamwamkia shikamoo, mara ya kwanza tangu tujuane, mimi niliyekuwa nikimsalimu kama mwenye duka anavyomsalimu mteja. Aliitikia. Aliwatazama ng'ombe.

"Warudishe," akasema.

"Ni wachache? Taja wewe."

"Sitaji."

"Kumi?"

"Akida, sipatani."

"Mzee, kila kitu kina mahali pa kuanzia."

"Ndiyo," akasema. "Na hapa si mahali pake. Kaa ule."

Nikakaa, nikala. Na miaka yote iliyofuata, mpaka nilipoacha kazi, nilikwenda kila mwaka, nikakaribishwa kila mwaka, vyano vikaja. Vilikuwa saba. Kila mwaka nilijaribu bei, kwa njia hii au ile, kwa mzaha, kwa machozi mara moja, na kila mwaka mtu yule, ambaye angebishana nawe juu ya uzito wa yai, alikataa kubishana. Nimefikiri sana kwa nini. Nadhani anajua kwamba tukipatana, nitatoka pale na furaha.

Sasa nimestaafu. Nakaa karibu na stesheni mpya ya Dodoma, ambako moshi wa garimoshi umeshinda vumbi, na nasikia ninyi mtakusanya kodi ya kichwa, si ya nyumba. Ni vizuri. Kichwa hakizibwi kwa udongo. Ila msiseme kwamba kichwa ni rahisi kuhesabu. Mtapata njia ya haraka, naijua tabia ya kazi hii, na njia hiyo mtaipenda. Siku mtakayoipenda, nendeni mkale mahali.

Linalobaki ni hili, na ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Pale palipokuwa mlango wa Nyemo, Ndahani hajapaziba wala hajatia mlango. Ameacha uwazi. Upepo unaingia, mbuzi wanaingia. Ndani amekaa binti yake Nyemo, yule aliyekuwa mgongoni. Sasa ni mkubwa, anapika mwenyewe, na cha nane siku hizi ni chano chake. Mara ya mwisho nilipokwenda niliupima uwazi ule kwa bakora yangu, nikijifanya naiegemea. Nikaupima tena nikiondoka. Kisha nikamwendea seremala hapa stesheni, akanitengenezea mlango wa mninga, na bawaba za chuma na komeo linalofunguliwa kwa ndani. Sikupatana naye. Alitaja bei, nikalipa, akaniona mgonjwa.

Mlango huo umesimama ukutani kwangu mwezi wa tatu huu. Nikiupeleka, naogopa Ndahani ataona ndio ng'ombe wale wale wamerudi katika umbo la mbao. Nikiukabidhi kwa binti bila kumwuliza mzee, nitakuwa nimempita tena mtu uani kwake. Nikikaa nao, binti anaingiliwa na mvua, na masika si mbali.

Ninyi mnaokaa vijijini sasa na kula na watu, ambao hamkuanza kama mimi nilivyoanza, nipeni shauri: niupeleke, au nisiupeleke, na nikifika pale nianze kwa neno gani? Andikeni kwa mkono wa mwenye duka la chumvi mkabala wa stesheni, nitapata. Lakini nawaomba, asiwepo atakayeanza kwa kunitajia bei.